Spoki 36: namna ya kuipima pikipiki mpya mjini Kindu

Inua gurudumu la mbele hadi liache ardhi, kisha sukuma usukani kwa kidole kimoja. Kidogo tu. Usukani uliofungwa na fundi anayejua kazi huanguka wenyewe upande mmoja, taratibu, hadi mwisho, bila kusita. Urudishe katikati, usukume upande wa pili, uanguke vilevile. Ukihisi umenata pale katikati, hata kwa kiasi cha punje ya mchele, usilipe bado. Sasa shika miguu miwili ya mbele kwa chini, ivute kwako na uisukume. Ikigonga "ko", nati ya shingo ya usukani imelegea. Mimi hufanya hivyo kabla sijawasha injini, kwa sababu injini mpya karibu zote huwaka vizuri siku ya kwanza na hazikuambii kitu.

Nilijifunza hilo kwa hasara. Pikipiki yangu ya pili niliinunua hapahapa Kindu, kiti kikiwa bado na nailoni ya kiwandani. Baada ya wiki tatu ikaanza kutangatanga: ukiinyoosha kwenye mfuo wa matope, yenyewe inatafuta ukingo. Nikadhani ni tairi. Fundi mmoja kijana wa komuni ya Mikelenge akaifungua shingo ya usukani chini ya mwembe, akazipanga gololi kwenye kifuniko cha ndoo, akaniita.

"Papa, njoo uone. Hizi hazijaonja grisi hata siku moja."

Zilikuwa kavu, nyekundu kwa kutu, na kikombe zilimokaa kilikuwa kimechimbika vishimo vidogo vilivyopangana kama alama za meno kwenye mkate. Wiki tatu tu! Chapa ilikuwa nzuri. Aliyeiunganisha ndiye aliyekuwa na haraka, na mimi nililipa bila kuuliza.

Maana pikipiki haifiki kwetu ikiwa nzima. Huja ndani ya kasha: gurudumu la mbele kando, usukani kando, vioo na madigadi vimefungwa kwenye karatasi, betri bado kavu. Iwe imekuja kwa treni kutoka kusini, kwa mashua ya mto Lualaba au kwa ndege, mwisho wa safari hiyo ndefu kuna mtu mmoja mwenye spana. Huyo ndiye anayemalizia kazi ya kiwanda. Kazi yake ndiyo unayoinunua sawasawa na jina lililoandikwa kwenye tangi.

Vituoni mabishano ya wamotari huwa ni ya chapa tu: TVS, Boxer, Haojue, Senke. Sisemi chapa hazitofautiani. Lakini injini nyingi za Kichina za silinda moja zimefuata mchoro wa Honda CG125 ya mwaka 1976, ambayo Wajapani waliitengeneza kwa ajili ya nchi zenye barabara mbaya na huduma chache. Vali zake husukumwa kwa fimbo, bila ule mnyororo mdogo unaopanda hadi kichwani. Injini hizo ni za ukoo mmoja. Kinachozitenga pikipiki mbili za ukoo mmoja ni chuma, mipira ya kuzuia mafuta yasivuje, na mkono.

Mkono huonekana wapi zaidi ya kwenye shingo ya usukani? Kwenye spoki. Na hapa mtu wa Kindu ana bahati, kwa kuwa mji huu ulizijua spoki kabla ya pikipiki. Vita vilipoisimamisha treni, ni baiskeli zilizobeba chumvi, mchele na mafuta ya mawese, zikisukumwa siku nyingi porini, na mwenye baiskeli aliyeshindwa kusikiliza gurudumu lake aliachwa njiani na mzigo wake. Sikio hilo bado lipo kwa wazee wanaotengeneza baiskeli. Mimi gurudumu la pikipiki mpya humpelekea mzee wa baiskeli kabla ya fundi wa pikipiki, na sioni aibu kusema hivyo.

Gurudumu la kawaida lina spoki 36. Chukua spana ndogo, zungusha gurudumu polepole, gusa kila spoki katikati yake. Iliyokazwa sawasawa hulia "ting", iliyolegea hujibu "tup" kama kijiti. Za upande mmoja zilingane. Usishangae upande wa pili ukiwa na sauti yake. Fundi asiyejua hufurahia zote zinapolia kwa ukali. Huo si ubora. Spoki iliyokazwa kupita kiasi hukatika shingoni kwenye shimo la kwanza lenye abiria wawili, na ikikatika moja, jirani zake hubeba deni lake. Kingine: spoki mpya hujikalisha. Gurudumu lililolia vizuri dukani litalegea kidogo baada ya kilomita 200 au 300, hata kama hakuna aliyekosea. Lirudishe likasikilizwe tena. Anayekwambia gurudumu jipya haliguswi, mwombe akuoneshe la kwake la mwaka jana.

Jaribio la nyaya ni la sekunde kumi na linaokoa maisha. Washa injini, iache ingurume polepole, hujagusa gazi. Geuza usukani hadi mwisho kushoto, kisha hadi mwisho kulia. Mlio ukipanda, waya wa gazi umepitishwa vibaya na unavutwa na usukani wenyewe. Siku utakapokata kona ya ghafla kukwepa mbuzi, pikipiki itaongeza mbio wakati wewe unataka ipunguze.

Kwenye sheni tafuta kile kiungo chenye kibanio kidogo chenye umbo la samaki. Mdomo uliofungwa wa samaki uelekee kule sheni inakokwenda, mkia ulio wazi ubaki nyuma. Kikigeuzwa, jiwe moja au kijiti kimoja kinatosha kukichomoa. Mtu aliyekiweka sawa bila kuambiwa, mara nyingi na mengine ameyaweka sawa. Mimi humpima fundi nisiyemjua kwa samaki huyo. Ulegevu wa sheni uwe sentimita 2 hadi 3 pikipiki ikiwa kwenye stendi, lakini usiishie hapo. Kaa juu, mpakie mwenzako, wa tatu aiguse. Ikiwa imekuwa ngumu kama kamba ya ngoma, itakula beringi za nyuma kabla mwaka haujaisha.

Halafu sikiliza injini, nayo isikilizwe ikiwa baridi, asubuhi. Silinda moja hupiga mara moja katika kila mizunguko miwili, kwa hiyo kila pigo unalisikia peke yake. Hakuna silinda ya jirani ya kulificha. Juu ya mapigo hayo kuna kelele nyembamba, "tik-tik-tik", kama cherehani kwenye chumba cha pili. Hizo ni tapeti. Wanunuzi wengi wa hapa huzichukia na kumwomba fundi azinyamazishe, naye, ili amridhishe mteja, anakaza. Msifanye hivyo, ndugu zangu. Nafasi ya tapeti kwenye injini hizi ni ndogo mno, karibu sehemu ya kumi ya milimita au chini ya hapo, na ndiyo inayoiruhusu vali ifunge sawasawa chuma kikishapata moto. Vali isiyofunga huungua. Pikipiki iliyo kimya kabisa ikiwa baridi hunitia wasiwasi kuliko yenye kelele kidogo.

Rodaji, yaani kuizoeza injini mpya, watu huielewa nusu. Wanajua wasiikimbize, basi wanakwenda nayo mwendo mmoja wa kobe kilomita zote 500 za kwanza. Injini mpya inataka kubadilishiwa mwendo: panda, shuka, badilisha vitesi, ipe mzigo mdogo kisha uuondoe, usifungue gazi hadi mwisho, wala usiikalishe kwenye mlio mmoja. Pete za pistoni zinahitaji kusuguana na silinda ili zikae. Mafuta ya kwanza yamwage mapema, karibu na kilomita 500, au kama kitabu chake kinavyosema, tena yamwage kwenye sahani nyeupe juani. Kung'aa kidogo kama vumbi la unga si ugonjwa. Vipande vinavyokwaruza ukivisugua kati ya vidole ni ugonjwa, na siku hiyohiyo rudi kwa aliyekuuzia. Mafuta mapya yawe yenye alama ya JASO MA. Klachi, ambayo sisi tunaiita ambreyaji, inaogelea ndani ya mafuta hayohayo ya injini, na baadhi ya mafuta ya gari huifanya iteleze.

Petroli ya Kadhafi, yaani muuzaji wa kando ya njia, haiwi mbaya kwa kuwa tu iko kwenye chupa. Chupa ina faida yake: unaona ndani. Iinue kwenye mwanga, iache itulie. Maji hukaa chini na hutenganishwa na mstari mwembamba. Baada ya tangi la kwanza au la pili fungua buji, yaani plagi. Ncha yenye rangi ya kahawa iliyotiwa maziwa ni afya. Nyeusi ya masizi, kabureta inamwaga petroli nyingi. Nyeupe, injini ina njaa na inaungua, usisafiri nayo.

Sasa mapambo na marekebisho. Kipimo changu ni kimoja: kitu kilichoongezwa kinafanya kazi gani kwenye njia ya Kalima wakati wa mvua, na kinakula nini mahali pengine? Anayevuka mto kwenda Alunguli na kuishika njia hiyo anaujua udongo wetu mwekundu. Hujipakia kwenye tairi kama ugali, na madigadi ya mbele iliyo karibu na tairi huukusanya hadi gurudumu linasimama, injini inalia na wewe unakwenda chini. Basi rekebisho la kwanza ninalolisifu halina rangi wala taa: madigadi ya mbele ipandishwe, nafasi ya vidole vitatu au zaidi ibaki juu ya tairi. La pili ni tairi zenye meno yaliyoachana, maana meno yaliyobanana hugeuka sahani ya udongo baada ya mita hamsini.

La tatu ni piniyoni ya mbele ya sheni. Ukitoa ya meno 15 ukaweka ya 14, pikipiki inapoteza karibu asilimia 7 ya mwendo kwa kila vitesi na inapata nguvu kwa kiasi hichohicho. Kwa mtu wa mjini tu, kutoka Kasuku hadi uwanja wa ndege, ni hasara: injini italia bure. Kwa anayebeba magunia kwenda Kibombo ni zawadi. Ndiyo maana nasema usiige pikipiki ya mtu kabla hujajua anakwenda wapi.

Vyuma vya kukinga injini na keria huchomelewa hapahapa mjini, na kazi ya uchomeleaji inasomeka. Mshono mzuri una mawimbi madogo yanayolingana, kama magamba ya samaki, na umeshika pande zote mbili za bomba. Mshono wenye vitundu, au uliofunikwa rangi nzito kabla hujauona, umeficha jambo. Vyuma hivyo vifungwe kwenye fremu. Vikifungwa kwenye injini, siku ya kuanguka vitaipasua ile uliyotaka kuilinda. Keria isirefuke nyuma ya ekseli. Wamotari wanapenda keria ndefu kwa sababu inapakia mengi, lakini gunia likikaa nyuma ya ekseli gurudumu la mbele huwa jepesi, na usukani mwepesi kwenye matope haukusikii. Bomba la moshi lisitobolewe. Kelele haiongezi nguvu. Inavuruga kabureta, inasumbua wagonjwa na watoto wanaolala, na mimi simpi sifa ya ufundi anayefanya hivyo.

Mwisho, ifanye pikipiki ikae nawe. Kaa kama unavyokaa siku zote, nyoosha mkono na vidole, kisha legeza bolti za vishikio vya breki na ambreyaji na uvizungushe hadi vije vyenyewe chini ya vidole, pasipo kukunja kiganja. Dukani mara nyingi vimewekwa juu mno, na baada ya saa mbili za njia mbaya ndipo utakapojua kwa nini kiganja kinauma. Pedali ya breki ya nyuma ishushwe au ipandishwe hadi uifikie bila kunyanyua mguu. Breki ya mbele izoee kwa vidole viwili, kwanza kwenye changarawe kavu, mahali pasipo watu, mpaka mkono ujue ni wapi gurudumu linaanza kuteleza.

Kilomita 1,000 zikifika, tafuta mwembe, simamisha pikipiki kwenye stendi, inua gurudumu la mbele. Kidole kimoja kwenye usukani. Pengine utaona unaanguka upesi kuliko siku ya kwanza, na ukiivuta miguu utasikia "ko" ndogo; gololi zimejikalisha, grisi imesambaa. Kaza nati ya shingo kidogo sana, chini ya robo ya mzunguko, ujaribu tena. Kisha chukua spana ndogo, uanze na spoki iliyo karibu na mdomo wa upepo, ili ujue umefikia wapi utakapokuwa umezimaliza zote.