'Wa' ya Kijapani si 'ni' yetu
WANAFUNZI wetu wanaojifunza Kijapani huteleza mapema mno. Wakikutana na 'Watashi wa gakusei desu', yaani 'Mimi ni mwanafunzi', wengi hudai kwamba 'wa' ndiyo 'ni' yetu. La hasha! Kazi ya 'ni' hapo hufanywa na 'desu'. Kijineno 'wa' hutambulisha mada tu: 'Kunihusu mimi, nasema hivi.' Kiima kina kijineno chake, 'ga'.

Mwanaisimu Mikami Akira alilivalia njuga suala hili katika kitabu chake cha 1960, Zo wa hana ga nagai. Kichwa hicho ni sentensi kamili: 'zo' ni ndovu, 'hana' ni pua, 'nagai' ni '-refu'. Anayetafsiri neno kwa neno atatoka jasho bure. Lakini jamani, si sisi husema kila siku, 'Ndovu, mkonga wake ni mrefu'? Ndovu ndiye mada, mkonga ndio kiima.

Mbona basi tunamfundisha Mkenya 'wa' na 'ga' kwa kupitia Kiingereza, ilhali ufunguo anao mdomoni? Mwalimu aanzie kwa huyo ndovu.