Kompresa Inayojizima Kwenye Umeme wa Kolwezi

Bwawa la Nzilo, karibu na mji wa Kolwezi nchini Kongo (DRC), lilijengwa kwenye mto Lualaba miaka ya 1950, enzi ya Wabelgiji, ili kampuni ya Union Minière ipate umeme wa migodi. Wakati huo liliitwa Delcommune. Mwaka 1982 njia ya umeme kutoka bwawa la Inga, ya kilomita 1,700 hivi, nayo ikafika Kolwezi. Hata hivyo, katika gereji za mji huo umeme hukatika, hufifia, kisha hurudi bila hodi. Hapo ndipo kompresa ya makwado, mafundi wa mipira ya magari, inapopimwa.

Kazi ya kwanza ya kuizima ni ya swichi ya presha. Ndani yake mna kiwambo na springi. Hewa ya tangi ikifika bar 8 hivi huishinda springi, nukta za umeme zinaachana, mota inasimama. Presha ikishuka karibu bar 6, zinagusana tena. Pengo hilo limewekwa makusudi: mota inayowaka na kuzima kila mara huungua. Ule mlio mfupi wa "pss" mota inaposimama ni valvu ndogo ikitoa hewa iliyobanwa juu ya pistoni, ili mota isianze tena ikiwa imeelemewa.

Lakini cheche huweza kuziyeyusha nukta zikashikana, na mota isizimike kamwe. Ndipo ulinzi unabaki kwa valvu ya usalama, wazo alilolitumia Mfaransa Denis Papin kwenye chungu chake cha mvuke karne ya 17. Haihitaji umeme. Kuiziba kwa sababu inavuja ni kucheza na roho za watu: kwa bar 8, kifuniko cha mwisho wa tangi chenye kipenyo cha sentimita 40 kinasukumwa kwa nguvu ya tani 10.

Kifaa ambacho umeme wa namna hii unakidai zaidi ni kontakta yenye kitufe, iliyofungwa kabla ya swichi. Umeme ukikatika, inaachia. Ukirudi, mota hailii mpaka mtu abonyeze. Bila kontakta hiyo, mota huweza kuwaka ghafla huku kwado ameshika mkanda. Relei ya joto nayo hukata pale umeme hafifu unapoilazimisha mota kuvuta ampea nyingi.

Vyote hivyo havioni kutu. Maji ya hewa iliyobanwa hutuama chini ya tangi na kulila kutoka ndani. Fundi, fungua koki ya chini kila jioni, na tangi lililotobolewa na kutu usilichomelee kiraka: litupe.