KUJICHORA: UBINAFSI AU UKOMBOZI?

Katika mijadala ya wanafunzi wetu hurudiwa mara kwa mara hoja kwamba mchoraji anayechora uso wake mwenyewe ni mbinafsi. Kwamba amewapa kisogo wakulima na wafanyakazi ili ajitazame katika kioo. Hoja hii ina nia njema, lakini ni ya juu juu. Haiulizi swali la msingi: nani amekuwa akimchora nani, na kwa faida ya nani?

Ni kweli kwamba huko Ulaya picha za namna hii zilistawi pamoja na tabaka la wafanyabiashara. Rembrandt wa Uholanzi alijichora mara nyingi katika karne ya 17, wakati Amsterdam ikineemeka kwa biashara ya baharini. Lakini chombo humtumikia anayekishika. Mwaka 1932 Frida Kahlo wa Mexico alijichora amesimama mpakani, upande mmoja magofu ya wahenga wake, upande wa pili viwanda vya Marekani. Uso ni wa mtu mmoja. Mgongano ni wa mataifa mawili.

Sisi Waafrika tulipigwa picha na watawala kama vielelezo vya makabila, mara nyingi bila hata majina. Kwa hiyo Mwafrika anapouchora uso wake anarudisha mali iliyochukuliwa.

Tuchukue mfano wa Everlyn Nicodemus, aliyezaliwa Marangu, Kilimanjaro, mwaka 1954. Alihamia Sweden mwaka 1973, akasoma anthropolojia Stockholm, na huko akakutana na ubaguzi wa rangi. Maonyesho yake ya kwanza ya peke yake yalifanyika katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, mwaka 1980. Mwaka 1982, akiwa Åkersberga, alijichora. Katika picha hiyo uso si mmoja, nyuso zinaingiliana. Tunaisoma hivi: mtu anayetazamwa kila siku kwa macho ya dharau hugawanyika, na kumbukumbu ndiyo huviunganisha vipande. Picha haifichi mgawanyiko huo, na hapo ndipo ulipo ukweli wake.

Je, huo ni ubinafsi? Kazi iliyofuata inajibu. Katika mfululizo wake juu ya mwanamke duniani, miaka hiyo hiyo ya 1980, alizungumza na wanawake wa Denmark, Tanzania na India, kisha akachora. Kujitambua hakukumtenga na wenzake, kulimwandaa kuwasikiliza.

Hata hivyo, lipo jambo la kukosoa. Mwaka 2022 picha hiyo ilinunuliwa na jumba la taifa la picha za watu mashuhuri, London. Ilikuwa picha ya kwanza ya rangi ya mwanamke msanii mweusi aliyejichora kuingia katika hazina hiyo. Tunampongeza msanii. Lakini kijana wa Boko akitaka kuuona uso huo ana kwa ana, sharti avuke bahari. Kumbukumbu yetu imehifadhiwa ugenini.

Na hapa nyumbani? Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1960, akafariki mwaka 1972. Warithi wake walikuta soko la watalii linalodai simba, tembo na twiga. Uso wa mchoraji haukuwa na mnunuzi. Tazameni pia vibao vya vinyozi, toka Boko hadi Temeke: fundi hodari wa rangi huchora kichwa cha mwanamuziki wa Marekani, ingawa wateja wake wenye sura za kuchorwa wamekaa pale pale kwenye benchi. Hiyo ndiyo kasumba, na haiondolewi kwa hotuba.

Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, akijua kwamba taifa lisilo na utamaduni wake halina roho. Wajibu wa makada na walimu leo unaanzia hapo. Kwanza, somo la kujichora lifundishwe shuleni kama somo la historia: mwanafunzi aulizwe uso huu umetoka wapi, na nani aliusimulia kabla yake. Pili, kazi bora zinunuliwe na kutundikwa katika shule na ofisi zetu za kata, kabla mnunuzi wa nje hajafika. Tatu, tuwaache wachoraji waseme ukweli wao hata unapotuudhi, maana uso uliochorwa ili kutupendeza hautatufundisha lolote.