Mtoto wa Jicho na Mtoto wa Meza: Uhakiki wa Fani ya Lenzi Bandia

Kiswahili huita mtoto kitu kinachokaa ndani ya kingine na kukosa maana nje ya hicho. Droo ni mtoto wa meza. Lenzi iliyoingia ukungu ni mtoto wa jicho. Naziweka istilahi hizi bega kwa bega kwa kuwa ya kwanza huirekebisha ya pili. Anayesikia "mtoto wa jicho" huelekea kudhani kuna kilichoota juu ya jicho, utando wa kubanduliwa kwa ncha ya kisu, ilhali hapana kilichoota: lenzi ile ile aliyozaliwa nayo mtu, iliyojificha nyuma ya mboni, ndiyo ambayo protini zake zimegandamana na kupoteza uangavu. Droo inaeleza vizuri zaidi. Ina nafasi iliyochongwa kwa kipimo chake, hutolewa kwa mbele, na ikishatoka huacha uwazi wenye umbo la kilichotoka. Upasuaji wa mtoto wa jicho, tukiusoma kama kazi ya fani, ni jibu la swali moja: ni nini kitiwe katika uwazi ule?

Nashikilia kwamba jibu hilo lilikomaa pale tu lenzi bandia ilipoacha kumwiga mtangulizi wake. Ilipotaka kufanana na lenzi ya asili, iliyumba. Ilipokubali kuwa kitu cha namna nyingine, chenye mipaka yake, ilipata muwala. Hoja hii haithibitiki kwa historia peke yake. Yafaa tulisome umbo lenyewe, sehemu kwa sehemu.

Rasimu ya kwanza ilitoka London. Harold Ridley, daktari wa macho wa hospitali ya St Thomas', aliwahudumia wakati wa Vita vya Pili vya Dunia marubani waliorukiwa machoni na vipande vya Perspex, plastiki ngumu iliyofunika vyumba vya ndege zao, akaona kwamba vipande hivyo hukaa ndani ya jicho bila jicho kuvikataa. Malighafi ya fani hii, basi, haikubuniwa kwa ajili yake. Ilipatikana ndani ya jeraha, na sifa ya Ridley ni kwamba alilisoma jeraha lile kama matini. Tarehe 29 Novemba 1949 aliweka lenzi ya kwanza, iliyotengenezwa na kampuni ya Rayner. Umbo lake lilikuwa mwigo mtupu: diski nene, iliyobinuka mbele na nyuma kama lenzi ya mwanadamu, isiyo na mkono wala ndoana. Mantiki yake ilieleweka: kinachofanana na kilichotoka kitakaa pale kilipotoka. Lakini lenzi ya asili haikai kwa umbo lake. Inaning'inizwa pande zote na nyuzi nyembamba zinazokishika kifuko chake, na nakala isiyo na cha kujishikizia haikuwa na mshiko wa kutegemewa. Diski ile ilikuwa nzito, na baadhi ya zilizofuata zilitumbukia nyuma ndani ya jicho. Hata upimo ulikosewa: mgonjwa wa kwanza alibaki na kosa la diopta zaidi ya 10, kiasi kwamba bila miwani ya mbali dunia yake ilikuwa bado ukungu. Uaminifu kwa umbo ulikuwa umezaa tafsiri mbovu ya kazi.

Sasa tuiweke kando yake lenzi ya akriliki ngumu ya kipande kimoja, ile ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikitumika katika kliniki za macho za Asia Kusini na Afrika Mashariki. Sahani yake ya katikati ina kipenyo cha milimita 6 hivi, wakati lenzi ya asili hufikia 9 au 10. Kutoka kando zake hutoka mikono miwili myembamba, iliyopinda kama herufi S iliyovutwa, na toka ncha hadi ncha kitu kizima hupata milimita 12 na nusu au 13. Kifuko kinachoipokea kina upana wa karibu milimita 10 na nusu. Msomaji wa haraka atasema hapa fundi amekosea kipimo. Msomaji mwenye subira ataona kwamba ziada ile ndiyo fundo la muundo wote. Kwa kuwa ni mirefu kuliko nafasi, mikono hujikunja inapoingia, kisha husukuma kingo za kifuko kwa upole usiokoma, na misukumo miwili inayokabiliana ndiyo inayoishika sahani katikati ya njia ya mwanga. Mpindo wa mikono nao haukuwekwa kwa urembo: humwezesha mpasuaji kuizungusha lenzi kwa ncha ya ndoana, mfano wa anayekaza skrubu, mpaka mkono wa pili uteleze chini ya ukingo wa kifuko. Katika lenzi ya asili hakuna chochote cha namna hii. Mfasiri ameyaacha maneno ya matini asilia, akaishika maana.

Ukingo wa sahani pia unastahili jicho la karibu. Kifuko, baada ya kusafishwa, hubaki na seli chache zisizoonekana, ambazo katika miezi na miaka inayofuata huweza kutambaa juu ya ukuta wa nyuma na kuleta ukungu wa pili, ule unaowafanya wengi wadhani mtoto wa jicho amerudi. Hajarudi, kwa kuwa lenzi ya kurudia haipo. Kilichoingia ukungu ni kifuko, na mionzi ya leza hukitoboa katikati kwa dakika chache. Lakini wabunifu waligundua kwamba ukingo wa mraba, wenye pembe kali upande wa nyuma, hujikandamiza kwenye ukuta ule na kuwa kizingiti ambacho seli hupata taabu kukivuka, ilhali ukingo wa mviringo huzipa njia. Badiliko hili halizidi sehemu ndogo ya milimita, wala halionekani kwa mtu anayeishika lenzi kwa kibano. Athari yake huonekana miaka mitatu au minne baadaye, katika mgonjwa ambaye hakurudi kliniki.

Umbo hilo lisingewezekana bila uhariri uliolitangulia. Mpasuaji haondoi kila kitu: hufungua duara katika ukuta wa mbele wa kifuko, hutoa kiini na masalia yake, na huuacha ukuta wa nyuma, ambao unene wake ni kama sehemu 4 tu kati ya elfu za milimita moja. Jicho zima, katika dakika zile, linategemea kilichoachwa kuliko kilichoondolewa. Na mlango wa kuingilia una fani yake. Katika upasuaji wa mkato mdogo unaofanywa kwa mkono, kisu huanzia kwenye weupe wa jicho, nyuma kidogo ya mpaka wa konea, na kuchora upinde wa milimita 6 au 7 unaoipa konea mgongo. Kutoka hapo huchimbwa handaki linalopita katikati ya unene wa ukuta na kutokea ndani likiwa pana kuliko lilivyoingia. Kiini hutoka kizima kwa handaki hilo, lenzi ngumu huingia kwa njia hiyo hiyo, na kazi ikiisha hapashonwi uzi: shinikizo la maji ya ndani ya jicho huubana mdomo wa ndani wa handaki na kulifunga. Wanaarudhi wetu wana neno la jambo hili. Ubeti usiohitaji ubeti wa pili ili ukamilike huitwa wenye utoshelevu, na sioni istilahi inayoufaa mkato huu zaidi ya hiyo.

Njia ya pili ina mvuto wake. Charles Kelman, mwaka 1967 huko Marekani, alichukua wazo la kifaa cha ultrasauti cha daktari wa meno, akakifanya kisage kiini ndani kwa ndani na kukifyonza. Mkato ukapungua hadi milimita 2 na ushei, na lenzi ikabidi ijifunze kukunjwa, iingie kama mkeka uliokunjwa na kujikunjua ndani ya kifuko. Ni fani yenye wepesi wa kupendeza, inayolitikisa umbo la jicho kidogo sana, ila inadai mashine, vifaa vya kubadilishwa na umeme usioyumba. Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti uliofanywa Nepal ukilinganisha njia hizi mbili kwa wagonjwa 108. Miezi sita baadaye, asilimia 98 ya kila upande walifikia kiwango kizuri cha kuona kwa msaada wa miwani. Katika kuona bila miwani pande zote zilikaribiana, wa mkono wakitangulia kidogo tu. Wa mkono walimaliza kwa muda mfupi na gharama ndogo. Ushairi wa bahari mbili haupimwi kwa mizani ya bahari moja.

Hapo ndipo tunapofikia fokasi, na ndipo wabunifu walipoirudia tamaa ya Ridley kwa mlango mwingine. Lenzi ya kijana hubinuka na kubapa, ikileta karibu na mbali kwa zamu. Lenzi bandia ya kawaida haina uwezo huo, ina fokasi moja tu, na atakayeona mbali kwayo atavaa miwani ya kusomea. Lenzi ya fokasi nyingi inataka kuiga uwezo uliopotea. Juu ya sahani yake huchongwa miduara iliyo ndani ya miduara, yenye vidato vidogo mno, inayougawa mwanga: katika muundo wa kawaida wa fokasi mbili, takriban asilimia 41 huenda kwenye picha ya mbali, 41 kwenye ya karibu, na 18 hupotea isifae kokote. Picha zote mbili hufika kwenye retina kwa pamoja, na ubongo ndio unaotakiwa kuchagua. Nakiri uzuri wa hesabu hiyo. Lakini tuisome athari: utofautishaji wa weusi na weupe hupungua, na usiku kila taa hujivika duara la nuru. Anayesoma gazeti sebuleni atashukuru. Dereva wa basi anayekabili taa za malori gizani atajuta. Lenzi ya asili ilibadilika. Hii haibadiliki, inasema mambo mawili kwa sauti moja.

Kati ya ncha hizo mbili ipo lenzi yenye fokasi iliyorefushwa, inayotoa uoni wa mbali na wa kati kwa hasara ndogo zaidi, na ipo ile ya kurekebisha astigmatizimu, ambayo alama zake sharti zilingane na mhimili wa konea: ikizunguka nyuzi 30 tu, manufaa yake yote hupotea. Ipo pia mbinu isiyohitaji lenzi mpya hata kidogo, ya kulipa jicho moja fokasi ya mbali na la pili ya karibu, macho yakagawana kazi kama wajibizanaji wawili.

Hata hivyo hukumu yangu inaangukia lenzi ya fokasi moja, na sababu si unyenyekevu wa bei yake, ingawa bei ina hadithi: taasisi ya Aurolab ya Madurai, India, iliyoanza mwaka 1992, iliiteremsha kutoka dola zaidi ya 100 hadi karibu 10, na taasisi ya Tilganga ya Kathmandu ikafuata njia hiyo hiyo. Sababu ni ya kifani. Fokasi moja hutamka kauli moja kwa mwanga wake wote, na kwa hiyo humlazimisha mtu aamue kauli hiyo ni ipi kabla kisu hakijashikwa. Urefu wa jicho hupimwa, mpindo wa konea hupimwa, na kosa la milimita 1 katika urefu huzaa kosa la diopta 2 na nusu au 3. Lakini hata hesabu iliyo sahihi kabisa haijui mwenye jicho anaishi umbali gani. Mvuvi anataka upeo wa bahari. Mshonaji kofia wa Lamu, ambaye riziki yake iko sentimita 30 kutoka puani, huenda akapendelea fokasi ya karibu na kuiachia miwani kazi ya mbali.

Kwa hiyo, msomaji mwenzangu, siku utakapokaa mbele ya mashine ya vipimo, au utakapompeleka mzazi wako, msingoje kuulizwa. Mwelezeni daktari mikono ya mwenye jicho hufanya kazi gani, na kwa umbali gani kutoka machoni.