Jiko Hupimwa Kiunoni

Ukishuka Kamukunji au Shauri Moyo, Nairobi, kununua jiko la makaa, muuzaji atakuonyesha rangi kwanza. Achana na rangi, tazama kiuno.

Jiko hili la bati na udongo lilibuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa kuiga jiko la ndoo la Thailand, na mafundi wa jua kali wa Eastlands ndio waliolieneza sokoni. Ndoo ile ni nzito, maana imejaa udongo juu hadi chini. La kwetu ni koni mbili za bati zilizounganishwa pale zinapobana. Udongo hukaa nusu ya juu tu, umeegemea kiuno. Uzito wake hautegemei saruji kuushikilia. Tena mkunjo wa kiuno hulipa bati ugumu: bati bapa hupinda kwa kidole, lililokunjwa hukataa.

Kwa hiyo libane kiunoni kwa viganja vyote viwili. Likibonyea, bati ni jepesi mno. Lililokatwa kwenye pipa kuukuu halibonyei. Kisha lisukume ubavuni. Kitako kikiwa chembamba, siku moja githeri itamwagika.

Udongo uliokwisha kushikizwa ni mgumu kuupima, kwani saruji huumeza mlio wake. Omba uonyeshwe ambao haujavalishwa bati, uugonge kwa kidole. Uliochomwa ukaiva hulia. Wenye ufa hutoa sauti iliyokufa. Kati ya udongo na bati, fundi mzuri huchanganya saruji na vemikulaiti, madini mepesi yanayozuia joto lisitoroke na kuupa udongo nafasi ya kutanuka. Akikuambia ametia saruji tupu, udongo utakuwa na nyufa mapema.

Kuta za ndani ziinamie katikati, ili makaa yanayopungua yajikusanye yenyewe badala ya kutawanyika na kuzima. Matundu ya chini yawe wazi, bila madonge. Ndiyo pua ya moto. Mlango nao ufungike sawasawa, ili uweze kupunguza moto. Mwanya ukibaki, hewa itaendelea kuingia na makaa yatakwisha maharagwe yakiwa bado yanatokota polepole.

Mwisho, nenda na sufuria yako. Ikikaa juu sana ya makaa, joto hutorokea pembeni. Ikiyagusa, moto hukosa pumzi. Fundi akikataa uijaribu kabla ya kulipa, kibanda cha pili kiko hatua chache.