Alama Mbili, Jeni Moja: Uhakiki wa Ramani ya CMD2

Mwaka 2002 watafiti wa mihogo walichapisha ramani ya vinasaba inayostahili kusomwa kwa makini kama tusomavyo shairi. Walizalisha miche kutokana na TME3, mbegu ya kienyeji ya Nigeria inayohimili ugonjwa wa batobato, na mbegu nyingine inayougua. Kisha wakachunguza ukinzani ule umerithiwa pamoja na vipande gani vya DNA. Jibu lao limekaa kwenye mstari mmoja: SSRY28 upande huu, GY1 upande ule, CMD2 katikati.

Tuanze na majina. SSRY28 na GY1 ni alama za DNA zinazopimwa maabara kutoka kwenye jani. CMD2 ni jina la namna nyingine kabisa: ni la jeni inayoleta ukinzani ule. Wakati huo hakuna aliyekuwa ameijua jeni yenyewe. Ilikisiwa kutokana na mche upi umejikunja majani shambani na upi umebaki mzima. Kwa kuyapanga yote kwenye mstari mmoja, ramani inamshawishi msomaji wa haraka adhani alama ndiyo jeni.

Tarakimu ndizo zinazomsahihisha. SSRY28 iko sentimorgani 9 kutoka CMD2, na GY1 iko 8. Hapo hatupimiwi urefu, bali ni mara ngapi alama na jeni hutengana kromosomu zinapobadilishana vipande. Anayechagua miche kwa SSRY28 peke yake atakosea takriban mara 9 kwa 100. Akitaka alama zote mbili ziwepo, kosa linashuka chini ya 1 kwa 100, kwa kuwa jeni haiponyoki mpaka kromosomu ikatike pande zote mbili.

Nguvu ya ramani hii, basi, imo katika umbo lake la kubana kisichojulikana kati ya viwili vinavyojulikana. Ndiyo maana kituo cha utafiti cha CIAT nchini Colombia, ambako batobato ya Afrika haipo, kiliweza kutumia alama kuchagua miche yenye ukinzani bila ugonjwa kuonekana shambani.

Jeni yenyewe ilitambuliwa mwaka 2022: ni ile ya polimerasi ya DNA, kimeng'enya kinachonakili vinasaba. Kwa miaka 20 ramani ilitumika huku katikati yake pakiwa hapajajazwa, kwa sababu ilitaja wazi ukubwa wa shaka yake. Anayesoma ramani kama hii, iwe ya mahindi au ya mpunga, aanze na tarakimu kabla ya kuyaamini majina.