Kabla ya Kufika Njiapanda

Watu wa Butembo, mashariki ya Kongo, wakimsifu shofere wa njia ya Manguredjipa, sifa zote huenda kwenye usukani: alivyolipitisha gari kwenye matope ya kufika kiunoni, alivyorudi nyuma mlimani bila kutazama. Sifa hizo ni haki yake. Barabara ile, yapata kilomita 100 kutoka milima ya Butembo iliyo juu ya mita 1,700 hadi msituni katika sekta ya Bapere, ni ya udongo, na mvua ikishika malori hulala njiani siku kadhaa huku pikipiki tu zikipenya. Lakini hapo tunasifu nusu ya kazi, tena ile nusu inayoonekana. Lori la mbao, hata likiwa na bodi fupi, likishapakiwa kupita kimo cha bodi hiyo ni sakafu wazi tu juu ya magurudumu, yaani bapa. Hakuna ukuta wa pembeni wala paa. Kinachozuia tani kadhaa za mvule zisimwagike bondeni ni kamba, mnyororo, na akili ya aliyevifunga kabla injini haijawashwa. Dereva mpya anayeingia kazi hii akidhani amekuja kuendesha amegonga mlango wa jirani. Amekuja kufunga mzigo; kuendesha ni namna ya kuusindikiza ufike kama ulivyofungwa.

Ufundi huo unaanza na ufagio, na anayecheka hajawahi kufikiri kinachoushika mzigo ni nini. Mzigo wa bapa haushikwi na kamba. Unashikwa na msuguano baina ya ubao na sakafu, na baina ya ubao na ubao mwenzake. Kazi ya kamba inayopita juu ni kuukandamiza mzigo chini ili msuguano huo uongezeke. Dereva mchanga huchelewa kulielewa hilo, akaikaza kamba kama mtu anayemfunga ng'ombe asitoroke. Sasa tazama gari lililoshuka Manguredjipa na saruji na mabati, likashusha, likageuzwa kupakia mbao siku hiyohiyo. Sakafu ya chuma ina unga wa saruji, juu ya unga kuna tope la nyayo za wapakiaji, na mbao zenyewe zimetoka kupasuliwa kwa msumeno wa injini, zina maji na vumbi la msumeno. Safu ya kwanza ikilazwa hapo, hata ukiongeza kamba kumi umekandamiza mzigo juu ya sabuni. Dakika tano za kufagia, kukwangua tope na kulaza vipande vya mbao vikavu kweli chini ya safu ya kwanza, zina faida kuliko mnyororo wa pili. Na ufagio hauuzwi kwa dola.

Nguvu inayoutoa mzigo mahali pake haihitaji mwendo. Umbali kati ya magurudumu ya kushoto na ya kulia ni kama mita 2. Ya upande mmoja yakizama sentimita 40 kwenye mfereji uliochimbwa na magari yaliyotangulia, jambo la kila siku katika njia hiyo, sakafu imeinama sehemu moja kwa tano, na mzigo wa tani 10 unavutwa kando kwa nguvu ya karibu tani 2 gari likiwa limesimama kimya. Ongeza mrusho. Gurudumu linapogonga jiwe na sakafu ikaruka, kwa muda mfupi kuliko kufumba jicho ubao hauilemei sakafu, na pasipo kulemea hakuna msuguano. Hapo ndipo ubao unapohama kidole kimoja, kisha kingine, na hakuna anayeona. Kanuni za Ulaya za kufunga mizigo hutaka mzigo uzuiwe kwenda mbele kwa nguvu sawa na asilimia 80 ya uzito wake, na asilimia 50 kwa pande na kwa nyuma. Kwenye lami tambarare hiyo 50 huonekana ni woga wa wazungu; katika mfereji wa Bapere mtu huielewa bila kufundishwa. Tofauti ni kwamba kule wanaogopa zaidi breki ya ghafla, ndiyo maana mbele imepewa kubwa, ilhali mbao za Manguredjipa zinapanda kuelekea Butembo, na hofu ya shofere iko pembeni na nyuma. Mbao ziegemee ukuta wa mbele nyuma ya kabini bila kuacha nafasi, lakini mnyororo wa nyuma ndio uwe mzima kuliko wote.

Marekani, sheria humtaka dereva akague vifungo vya mzigo wake ndani ya maili 50 za kwanza, yaani kilomita 80, kisha kila maili 150 au kila saa 3 au hali yake ya kazi inapobadilika, lolote litakalotangulia. Sababu yake ni nzuri: mzigo hukaa. Mbao zilizopangwa juujuu hushuka na kujibana gari likitikisika, na kamba iliyokuwa ikilia ukiigonga inabaki kuning'inia. Ila ukizifuata kilomita 80 hizo kutoka Manguredjipa, utakagua ukiwa karibu kufika Butembo, na kamba itakuwa imelegea na kukazwa na mashimo mara nyingi usizozijua. Kanuni ni sahihi, kipimo ndicho kisichokuwa cha huku. Barabara ya lami huuchosha mzigo kwa umbali. Ya udongo huuchosha kwa mitikisiko. Basi dereva wa Manguredjipa ahesabu mitikisiko: baada ya shimo kubwa la kwanza, asimame, baada ya kila mahali ambapo gari lililala upande, asimame, na asifike Njiapanda, makazi ya njiani, hajaizunguka sakafu yake walau mara mbili, mkono juu ya kila kamba. Mkono, si jicho. Kamba iliyokazwa ukiipiga kwa kiganja hurudisha sauti, iliyolegea hunyamaza.

Kamba nazo zina tabia, na kuzijua tabia hizo ndiko kunakomtenga fundi na mbeba mizigo. Ya katani ikilowa hujikaza na ikikauka hulegea, kwa hiyo iliyofungwa mvuani inamsaliti mwenyewe jua likitoka. Ya nailoni hufanya kinyume, hunyooka ikilowa. Mpira wa tyubu uliokatwa vipande, ambao watu wa Butembo hufungia kila kitu kuanzia kuku hadi magodoro, unafaa mzigo mwepesi kwa sababu unavutika, na kwa sababu hiyohiyo haufai mbao: unauruhusu mzigo uondoke kwanza, ndipo uanze kuuvuta. Wahenga walisema kamba hukatikia pabovu. Kwenye lori, pabovu panajulikana kabla ya safari, napo ni pembeni, pale kamba inapokunja ukingo wa ubao wa juu. Hapo huwekwa kipande cha tairi kuukuu. Na kwa asiye na mkanda wa kukazia kwa mkono wa chuma, lipo fundo la zamani: kitanzi katikati ya kamba, ncha inashuka hadi ndoano ya chini, inarudi kupita ndani ya kitanzi, kisha utingo anavuta kuelekea ardhini kwa uzito wa mwili wake wote. Nguvu yake inazidishwa karibu mara tatu, ingawa msuguano wa kamba yenyewe hula sehemu. Aliyebuni fundo hilo hakusoma hesabu ya nguvu, na hakuihitaji.

Elimu hii haikuja na malori. Kiswahili kiliingia mashariki ya Kongo katika karne ya 19 pamoja na misafara ya pembe za ndovu, na mpagazi wa misafara ile, aliyebeba kilo 30 na zaidi, alijua kwamba mzigo uliofungwa vibaya humuua mtu shingo kabla ya adhuhuri. Leo mrithi wake aliye hai kabisa ni mtu wa chukudu. Baiskeli hiyo ya mbao isiyo na pedali wala kiti ni lori la bapa lililopunguzwa hadi likabaki wazo tu: ubao mmoja wa kubebea, magurudumu mawili, mzigo uliofungwa, mteremko. Akikosea kuupanga, habari anaipata palepale, kwa mwili wake. Mjini Goma wamemsimamishia sanamu tangu mwaka 2009, na sioni kosa. Dereva mpya angejifunza mengi kwa kumtazama mmoja wao akipakia viazi asubuhi: kizito chini na katikati, kilicho kirefu kielekee njia, kamba mbili zikipishana, kisha analitikisa chukudu kabla ya kuondoka, kwa makusudi, kuuliza mzigo kama uko tayari.

Kuna mapingamizi, na yaliyo mazito hayatoki kwa wavivu. La kwanza ni usalama. Tangu mwaka 2024 wapiganaji wa kundi la waasi la ADF wamekuwa wakiua watu katika vijiji vya Bapere, na watu wa njia hiyo watauliza ni mwehu gani anayesimama msituni kupapasa kamba. Ni swali la haki. Lakini yeye anayeogopa kusimama dakika kumi anapaswa kuogopa zaidi kusimama usiku mzima, na mzigo uliomwagika porini ndio unaosimamisha gari usiku mzima. Hoja ya usalama haifuti ukaguzi, inauhamisha: kazi kubwa ifanyike Manguredjipa penyewe, gari liendeshwe polepole mita mia chache kwenye mashimo yaliyo karibu na watu ili mzigo ukae, likazwe upya hapo, na vituo vinavyofuata viwe kwenye makazi na masoko, Kambau, Njiapanda, si kwenye kona yenye giza. Ufundi wa kufunga, hapa, ni sehemu ya ufundi wa kubaki hai.

La pili ni la tajiri wa gari. Yeye ndiye anayeamua idadi ya mbao, naye hapandi kabini. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na usufi wa mvule mkavu una kilo 600 na zaidi kwa kila mita moja ya ujazo. Mbichi ni mzito kuliko hapo. Dereva mpya atasema hana sauti mbele ya anayemlipa. Sauti ya kubishana hana, kweli, lakini ya kuhesabu anayo. Awepo wakati wa kupakia, asiende kunywa chai; ahesabu mbao kwa vipimo vyake, azidishe, aseme namba. Tajiri ambaye angepuuza neno "nyingi" hupata shida kupuuza tani. Na kama mbao zinaendelea ng'ambo ya mpaka, Uganda, iko hoja isiyohitaji ujasiri: sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013 inaweka kikomo cha tani 10 kwa ekseli moja yenye matairi pacha, na tani 56 kwa gari zima hata liwe na ekseli 7. Mizani ya Uganda haina shemeji.

La tatu ndilo gumu, nami sina jibu safi. Ni abiria wa juu ya mbao. Wanalipa, nauli yao huishia mfukoni mwa shofere, na mara nyingi hakuna gari jingine. Kwa hesabu ya mzigo, mtu ni kitu kibaya kuliko vyote kubeba juu: hafungiki, anahamahama, anashika kamba kama bomba la daladala na kuilegeza, na ubao ukihama yeye ndiye aliye katikati. Ukisema wote washuke, mama mwenye mtoto mgonjwa atabaki Manguredjipa. Ninachoweza kusema ni kwamba kabini ina nafasi ya watu wawili pembeni ya dereva, na mpangilio wa nani akae humo, mgonjwa au rafiki wa shofere, unaonyesha tabia ya mtu kuliko mwendo wake barabarani. Waliobaki juu ya mbao, walipe wasilipe, wamewekwa mahali pasipofaa.

Ukishapita Butembo na kushika njia ya Beni, kilomita 54, kisha Kasindi, 80 nyingine, adui hubadilika. Hiyo ndiyo barabara ambayo marais wa Kongo na Uganda waliizindulia ujenzi mwaka 2021. Barabara ikiwa nzuri mwendo hupanda, na mwendo ukipanda ile asilimia 80 ya mbele inaanza kudai haki yake. Aliyefunga kwa ajili ya mifereji afunge tena kwa ajili ya breki. Mteremko uchukuliwe kwa gia ileile ambayo gari lingeupandia, injini ishike, kwa kuwa breki ikichemka haina ahadi. Ukivuka mpaka wa Mpondwe kuingia Uganda unahama pia kutoka kulia kwenda kushoto mwa barabara, na mbao zilizochomoza kidogo upande wa kulia, ambazo huku zilikuwa zikigusa majani ya kando, kule zinaelekea kwenye magari yanayokuja.

Mwisho wa safari watu hulegea, na ni kosa. Mzigo uliosafiri si ule uliopakiwa. Umeegemea mahali fulani, na kamba inayoonekana imelala inaweza kuwa ndiyo pekee iliyoushika. Kabla ya kugusa fundo lolote, dereva alizunguke gari akitafuta upande uliofura, ambao kamba zake zimekuwa ngumu kama chuma. Huko hasimami mtu. Afungue kutoka upande wa pili, aanze na kamba ya mbali, amwambie utingo ashuke kutoka juu ya mbao, na watoto wanaokuja kuokota magome wasubiri mbele ya kabini mpaka ubao wa kwanza uwe umeshalala chini.